Bibo la Mkorosho wa Mpakani

Mkorosho ulioota kwa mbegu haufanani na mama yake. Kila mkulima wa Masasi, Newala na Tandahimba analijua hilo, hata kama hajawahi kuhudhuria semina ya kilimo. Utachukua korosho za mti mmoja mzuri, wenye mabibo mekundu yaliyojaa maji, utazipanda zote siku moja, na baada ya miaka mitatu au minne mti wa kwanza utatoa bibo la njano, wa pili utatoa bibo jekundu dogo lenye ukakasi wa kukaba koo, na wa tatu bibo refu lisilo na ladha ya kusimulia. Maua ya mkorosho hupokea chavua ya miti ya jirani kupitia wadudu, na kila mbegu hubeba damu ya baba asiyejulikana. Kwa hiyo shamba la zamani la mikorosho lina aina nyingi sawa na idadi ya miti yake.

Naanza na jambo hili kwa sababu miaka niliyofundisha Dodoma, jirani na mashamba ya mizabibu, ndiyo iliyonifungua macho nikaona tulichonacho kwetu kusini, na namna tunavyokipoteza.

Nimezaliwa Lupaso, wilayani Masasi, kijiji ambacho Watanzania wengi walikiona kwenye televisheni mwezi Julai 2020, siku Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipozikwa nyumbani kwao. Waliofika msibani walipita katikati ya mikorosho iliyokuwa inaanza kutoa maua. Laiti wangekuja Oktoba au Novemba, wangeikuta harufu ya mabibo imetanda kijiji kizima, harufu nzito yenye utamu na uchachu pamoja, ambayo mgeni huisikia mara moja na mwenyeji huisikia akiwa ametoka mbali tu.

Shamba letu lilikuwa la upande wa mama, kama ilivyo desturi ya Wamakua, Wamakonde na Wayao wa huku, na mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba. Lakini mwenye ujuzi wa ladha alikuwa bibi, mama yake mjomba. Miti mikubwa ya shamba lile alikuwa ameipa majina. Kulikuwa na Mkorosho wa Njia Panda, Mkorosho wa Kichuguu, na ule aliouthamini kuliko yote, Mkorosho wa Mpakani, uliosimama pale shamba letu lilipokutana na la jirani. Mjomba aliijua miti kwa korosho zake: upi unajaza gunia, upi unatoa punje ndogo zinazoshusha daraja. Bibi aliijua kwa mabibo. Wawili hao walikuwa na orodha mbili tofauti za shamba moja, na mti uliokuwa wa kwanza kwa bibi haukuwa hata katika kumi bora ya mjomba.

Bibo la Mpakani lilikuwa na mabega mapana upande wa juu na kuchongoka kidogo upande wa korosho. Wekundu wake ulikolea hadi karibu na zambarau sehemu iliyopigwa na jua, na upande wa kivulini ulibaki na michirizi ya manjano. Ukiling'ata, kwanza utamu, kisha uchachu unaofika mashavuni, na mwisho ule ukakasi ambao kila mla mabibo anaujua, ulimi unapokauka kana kwamba umepakwa unga. Kwa mabibo mengi ukakasi huo hukaa na kukwangua koo. Kwa bibo la Mpakani uliondoka mapema, ukaacha harufu mdomoni. Bibi alitugawia sisi wajukuu mabibo ya mti ule kwa kuhesabu, na alikuwa na kauli yake: "Hili la kunywa, mjukuu wangu. Lile la kulewea." Tuliitika "Naam, bibi," bila kuelewa kwamba tumepewa somo.

Uraka wake, yaani pombe ya mabibo, aliutengeneza hivi. Alfajiri tuliokota mabibo yaliyoanguka usiku, kabla jua halijayachemsha. Yaliyolala tangu jana aliyakataa. Tuliishika korosho na kuizungusha mpaka ikang'oka, korosho ikaenda kwenye gunia la mjomba na bibo kwenye beseni la bibi. Mabibo yalioshwa, yakatwangwa polepole kwenye kinu, kwa sababu ukitwanga kwa nguvu ukakasi unazidi. Yakakamuliwa kwa mikono, maji yakachujwa kwa kitambaa ambacho hakikuwa na kazi nyingine duniani, maana doa la bibo halitoki kwenye nguo hata ufue kwa majivu. Kisha mtungi, kifuniko, na kivuli. Hakutia hamira wala sukari. Chachu ilikuja na ngozi ya bibo yenyewe, na jioni ile ile ungeinamisha sikio ungesikia mtungi unachemka kwa sauti ndogo. Kesho yake uraka ulikuwa tayari, mwepesi, wenye povu na utamu uliobaki nusu. Siku ya tatu ulikuwa mkali. Baada ya hapo ulikuwa siki, au ulikuwa mali ya wachoma gongo, ile pombe kali ya kienyeji.

Jambo moja hakuna jirani aliyelifanya isipokuwa yeye: mabibo ya Mpakani yalikuwa na mtungi wake. Hakuyachanganya na ya mti mwingine. Wazee waliofika kwa mjomba kwa mashauri ya ukoo walimiminiwa kutoka mtungi huo, na waliujua tofauti yake kabla ya kuambiwa.

Katika kijiji hicho hicho kulikuwa na kinywaji kingine, ambacho hatukuruhusiwa hata kukigusa. Nilikuwa mtumishi wa altare katika parokia yetu. Mapadri wetu walikuwa Wabenediktini wa Ndanda, abasia iliyoanzishwa mwaka 1906, baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuchomwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Divai ya misa ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na nilipoinua kile kichupa kidogo kumpelekea padri, harufu yake ilikuwa ya zabibu kavu. Wakati mmoja nilimwuliza padri kwa nini tusitumie uraka wa bibi, maana ulikuwa safi na mtamu. Hakunicheka. Alinieleza kwamba sheria ya Kanisa inataka divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Basi. Bibo lisingeweza kuingia kwenye kalisi hata liwe zuri namna gani.

Sheria hiyo ndogo ina historia kubwa nyuma yake. Popote Kanisa Katoliki lilipokwenda, mzabibu ulitafutiwa pa kuota: Mexico, Peru, Chile, California. Tanzania haikuwa tofauti. Kusini kwetu kuna unyevu mwingi na mzabibu haukupata makazi, lakini Dodoma, kwenye nyanda kavu za Ugogo, wamisionari wa Bihawana waliupanda ukashika. Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu kabisa. Hali hiyo inayoua mahindi ndiyo inayoupendeza mzabibu, kwa sababu ukungu hupungua na sukari hupanda kwenye tunda.

Nilipopangiwa kazi Dodoma, mwalimu kijana wa kemia, nilifikiri nimepelekwa jangwani. Nilikuwa nimezoea kijani cha Masasi, milima ya mawe iliyochomoza katikati ya miti, na baridi ya jioni ukipanda uwanda kuelekea Newala. Dodoma ilikuwa vumbi, upepo na mibuyu. Lakini kaskazini mwa mji, Makutupora, kulikuwa na mizabibu, na kituo cha utafiti ambacho leo kiko chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo. Nilianza kuwapeleka wanafunzi huko kuona uchachushaji kwa macho badala ya ubaoni, na mwishowe nikawa nakwenda mwenyewe, siku zisizo na wanafunzi.

Aina iliyoenea kwa wakulima wa kule inaitwa Makutupora Nyekundu. Inahimili joto, inazaa sana, na vichala vyake ni vizito kiasi kwamba waya wa kuegeshea hulegea. Mkulima mmoja alinionyesha jinsi ya kupogoa. Alikata tawi lote la mwaka uliopita, akabakiza macho mawili tu juu ya shina, na nilipomwangalia kwa mshangao akasema, "Mwalimu, huu bila kisu haujui kwamba mwaka umeisha." Maneno yake yana sayansi. Ulaya mzabibu hulala kwa sababu ya baridi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo kisu cha mkulima ndicho kinachoulaza na kuuamsha, na ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya mwanzoni mwa mwaka na yale ya Agosti na Septemba, wakati Bordeaux wanavuna mara moja.

Divai ya Makutupora Nyekundu niliinywa kwanza ikiwa changa, kutoka kwenye pipa, kwenye kikombe cha bati. Ilikuwa na rangi ya wekundu ulioiva, harufu ya tunda bichi zaidi kuliko ya mti au viungo, uchachu wa wastani, na kwenye fizi ukakasi mwepesi. Ule ukakasi niliujua. Nilikuwa nimekua nao. Nilisimama pale na kikombe mkononi nikimkumbuka bibi na mtungi wake wa Mpakani, maana kilichokuwa mdomoni mwangu kilikuwa kitu kilekile.

Ukakasi wa divai nyekundu na ukakasi wa bibo vinatokana na kundi moja la kemikali, tanini. Tanini hushikana na protini za mate, mate hupoteza utelezi, na ulimi husikia ukavu. Katika zabibu nyekundu tanini ziko kwenye ganda na mbegu, na ndiyo maana divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake ilhali nyeupe hukamuliwa kwanza. Katika bibo ziko kwenye ngozi na nyama yote, na ni nyingi. Wafaransa na Waitaliano wamejenga ufundi wa karne nyingi kuzituliza tanini: kuchagua siku ya kuvuna, kutokamua kwa pupa, kuacha divai ikae. Bibi yangu alituliza tanini kwa kutwanga polepole na kwa kuchagua mti. Tofauti yao ni kwamba wao wameandika, yeye hakuandika, na wale waliotumwa kijijini kuandika habari za mkorosho waliandika habari za korosho peke yake.

Tofauti ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi, na niliielewa siku nilipoona vipando. Mzabibu haupandwi kwa mbegu. Unakatwa kijiti chenye macho matatu au manne, kinachomekwa ardhini, na kinachoota ni mti uleule uliokatwa, ladha ileile, rangi ileile. Kila shina la Makutupora Nyekundu unaloliona kwa Wagogo ni mwendelezo wa mti mmoja wa zamani. Cabernet Sauvignon, zabibu nyekundu inayojulikana kuliko zote duniani, ilianza kama mche mmoja wa bahati nasibu kusini magharibi mwa Ufaransa, wazazi wake wakiwa Cabernet Franc nyekundu na Sauvignon Blanc nyeupe, jambo lililothibitishwa kwa vipimo vya DNA California katika miaka ya 1990. Mtu fulani, ambaye hakuna anayemjua jina, alionja matunda ya mche ule, akayapenda, akakata vijiti. Kama angeonja akapita, leo kusingekuwa na Cabernet Sauvignon.

Bibi yangu alionja, akapenda, akaupa mti jina. Kilichokosekana ni kijiti.

Msomaji wa Dodoma atasema nawasifu kupita kiasi, maana hata kwao mkulima wa zabibu anajua machungu ya soko. Ni kweli. Nimeona vichala vikioza shambani kwa kukosa mnunuzi, na nimeona wakulima wakijiunga kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa bei ya kubembeleza. Lakini mzabibu wao una jina, kituo cha utafiti, na chupa yenye lebo dukani. Hata unapodharauliwa, kuna kitu cha kudharau.

Historia ya mkorosho kwetu ni ndefu kuliko ya mzabibu Dodoma. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazil, na Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki na Goa katika karne ya 16. Ulienea ardhi ya mchanga ya kusini, na baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ikakua, korosho ghafi zikisafirishwa kwenda India kubanguliwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Kisha ikaanguka. Katika operesheni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, wengi walihamishwa mbali na mashamba yao, na mti wa kilomita kadhaa kutoka nyumbani haupaliliwi. Nakumbuka mjomba akirudi jioni kutoka shamba la zamani amechoka, akisema nyasi zimefika mabegani. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Maua yalionekana kama yamenyunyiziwa majivu, yakanyauka kabla ya kushika. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata karibu tani 16,500 tu.

Bibi aliufunga mtungi wa Mpakani miaka hiyo kwa sababu hapakuwa na bibo la kutosha kujaza hata kinu.

Dodoma nilikuta ubwiriunga unaishi pia kwenye zabibu. Ni ukungu wa jamaa moja na ule wetu, ingawa si uleule. Katika miaka ya 1850 ulikaribia kuimaliza mizabibu ya Ufaransa, mpaka wakulima wakagundua kwamba unga wa salfa unauzuia. Dawa hiyohiyo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, ndiyo iliyoiokoa mikorosho ya Mtwara na Lindi: mashine mgongoni, salfa ikipulizwa alfajiri wakati umande bado uko kwenye maua na upepo haujaanza, shamba zima likiwa ndani ya wingu la manjano. Watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walilibeba jambo hilo, na wanastahili heshima. Leo mavuno yamepita kilele cha zamani. Msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Kila kilo ya korosho ghafi inakuja na karibu kilo nane za mabibo. Tani 300,000 za korosho maana yake ni zaidi ya tani milioni mbili za mabibo. Korosho inapimwa, inaingia ghala la chama cha msingi, inapewa stakabadhi, inapigwa mnada, inaandikwa kwenye magazeti. Bibo linaoza chini ya mti. Haliwezi kusubiri, kwa kuwa likianguka asubuhi, kesho limechacha na kuvuja. Na hili ndilo tunda lenye vitamini C mara kadhaa ya chungwa, katika mikoa ambayo watoto wake wanakosa matunda miezi mingi ya mwaka.

Kiasi kidogo kinachookolewa kinaokolewa na kina mama, na wengi wao wanafanya hivyo kwa kuogopa. Wanakausha mabibo juani yawe kochoko, wayaweke kwenye viroba na kuyauza miezi isiyo ya msimu, na wanunuzi wake wakubwa ni wachoma gongo. Gongo imekatazwa kisheria, na sitaitetea hapa, maana nimezika watu wa rika langu walioiendekeza, na hakuna anayejua nini kimo ndani ya chupa ya gongo. Nasema tu kwamba marufuku imelifunika na bibo lenyewe. Ukitaja bibo kwenye kikao cha maendeleo, watu wanaona ulevi. Wanasahau maji ya kunywa ya watoto, siki, jamu, uraka mwepesi wa siku moja usiomdhuru mzee, na divai ambayo ingeweza kuchachushwa kwa ujuzi na kupimwa.

Kwingine kuliko na mkorosho mambo yalikwenda njia nyingine. Goa wanachoma feni kutokana na mabibo, kinywaji kikali kama gongo kwa asili yake, lakini chenye leseni na vipimo, na mwaka 2009 kilipewa alama ya kisheria kwamba jina hilo ni la Goa peke yake. Brazil, katika jimbo la Piauí, wanatengeneza cajuína, kinywaji kisicho na kileo. Maji ya bibo hutiwa jelatini, tanini hushikana nayo na kuzama, kinachobaki juu huchujwa kiwe cheupe, kisha chupa zilizofungwa huchemshwa kwenye maji mpaka sukari yake ipate rangi ya asali. Mwaka 2014 Brazil iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa taifa. Kule Kerala wanatumia hata uji mwepesi wa mchele kuzizamisha tanini. Niliwahi kuujaribu uji huo kwenye maabara ya shule, kwa mabibo niliyoletewa na basi la usiku kutoka kusini. Ulifanya kazi. Wanafunzi wangu wa Kigogo, ambao walikuwa hawajawahi kuonja bibo, waligombea glasi.

Mkorosho wa Mpakani haupo tena. Bibi alifariki, mjomba akamfuata, na waliorithi shamba waliamua kung'oa mikorosho mikongwe na kupanda miche bora. Siwalaumu. Mti wa zaidi ya miaka hamsini hutoa korosho chache, matawi yake yanafungana na ya jirani, na kupulizia salfa kwenye kilele chake ni kazi ya kuvunja shingo. Miche mipya, aina zenye majina ya herufi na namba kama AC4, inazaa mapema na kwa wingi. Aina hizo zilichaguliwa kwa mavuno, ukubwa wa korosho na kuhimili magonjwa, na mkulima anayelipwa kwa kilo za korosho hana sababu ya kuuliza zaidi. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeonja bibo la Mpakani kabla ya kuliinua shoka, na bado mashambani, kuanzia Lupaso mpaka ukingo wa uwanda pale Newala, iko miti mikongwe mingi ambayo bibi fulani anaijua kwa ladha, na inakatwa kila mwaka.

Na dawa ipo, wala haihitaji mfadhili. Kubebesha mikorosho sasa kunafanywa na vijana wa vijijini kila msimu wa vitalu. Unachukua kikonyo, ncha ya tawi nene kiasi cha penseli isiyo na ua, unaondoa majani siku chache kabla ili macho yavimbe. Unachonga mwisho wake pande mbili, unaupasua mche mchanga katikati, unakichomeka, unafunga kwa utepe wa plastiki bila kuacha nafasi ya hewa. Wiki chache baadaye machipukizi yanatoka, na mti utakaokua utazaa bibo lilelile la mti uliotoa kikonyo, wekundu wake, uchachu wake, ukakasi wake unaoondoka mapema. Ndicho hasa wanachofanya Wagogo kwa kijiti cha mzabibu. Kwa kusini kinafanywa kwa ajili ya korosho. Hakuna kinachozuia kifanywe kwa ajili ya bibo.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu watatu. Kwa watafiti wa Naliendele: mnapopita vijijini kutafuta miti mama, waulizeni na kina bibi, muandike ladha ya bibo kwenye daftari lilelile mnaloandikia uzito wa korosho. Kwa Bodi ya Korosho na vyama vyetu vikuu vya ushirika: tengeni sehemu ndogo tu ya fedha za zao hili kwa vikundi vya kina mama vinavyotaka kukamua na kuchupisha mabibo kwa njia halali, kwa sababu hawa ndio wenye ujuzi na ndio wasio na mtaji. Na kwako kijana uliyerithi shamba Masasi, Newala au Tandahimba, ambaye umepanga kung'oa mikorosho ya babu yako mwaka huu: subiri msimu upite, onja bibo la kila mti, mwulize mzee aliyebaki ni upi ulikuwa na mtungi wake, na kabla hujaita watu wa msumeno, kata vikonyo vya mti huo na uvibebeshe kwenye miche kumi. Ardhi ya miti kumi haiwezi kukutia umaskini, na ladha hiyo ukishaikata haiuzwi popote.